Mtu wa Kupatikana Saa za Kazi

Ardis Rempfer alikuwa amehamisha nyumba mia mbili na kumi na saba, shule mbili na benki moja, zote zikiwa nzima, na katika maisha yake yote alivunja kioo kimoja tu cha dirisha, tena kilikuwa na ufa tangu zamani na mwenye nyumba mwenyewe alikiri. Hiyo ndiyo kazi ya ukoo wao. Unachimba chini ya msingi, unapitisha mihimili ya chuma, unainua kwa jeki inchi moja moja, unatia magurudumu, halafu unaivuta nyumba barabarani kwa mwendo wa watu wanaosindikiza jeneza. Ni kazi isiyotaka pupa, naye alikuwa na miaka sitini na mmoja na pupa ilikuwa haijawahi kumpata.

Kwa hiyo asubuhi ya Jumatano ya kwanza ya Februari, alipoambiwa kwa simu kwamba kisheria kampuni yake ni ya kigeni, hakupandisha sauti. Aliiondoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Ya kigeni kutoka wapi?"

"Kutoka Dakota Kaskazini, mama," alisema karani wa ofisi ya msajili kule Pierre, makao makuu ya jimbo la Dakota Kusini, Marekani. Alikuwa amejitambulisha kwa jina la Tami, na sauti yake ilikuwa changamfu kupita saa yenyewe.

"Binti, mimi hapa niko maili arobaini kutoka mpakani. Nikipanda juu ya ghala naiona Dakota yenu. Mama yangu kazaliwa huko."

"Naamini, mama. Lakini kampuni haina mama."

Hilo lilikuwa kweli.

Kilichompeleka kusini ni kanisa. Kanisa la Sayuni, kanisa la mama yake, lilikuwa kando ya kijiji cha Bittner, ng'ambo ya mpaka, na mwaka 1961 baba yake Ardis, mzee Reinhold Rempfer, ndiye aliyelivuta hadi hapo lilipo. Wakati huo ziwa la Bittner lilikuwa dimbwi la bata. Miaka ikapita, mvua zikaongezeka, dimbwi likanenepa, na sasa barafu ilikuwa imefika hatua kumi na nne kutoka ngazi za kanisa. Ikiyeyuka mwezi wa Machi, maji yangeingia kwenye msingi. Waumini walikutana Januari wakapiga kura: thelathini na mmoja walikubali, wanne walikataa, kwamba kanisa lihamishwe maili kumi na moja hadi mlimani, na kazi apewe yule yule aliyeifanya mwanzo, yaani kampuni ya Rempfer na Wanawe wa Kiume.

Mhazini wa kanisa, Bi Orpha Hauff, alikuwa mwanamke aliyehesabu hata vijiko vya jikoni la kanisa kila baada ya msiba. Alimwambia Ardis waziwazi: bila cheti cha Pierre kinachoiruhusu kampuni kufanya kazi Dakota Kusini, hakuna jeki itakayogusa ubao wa kanisa. Bima haitakubali, na kibali cha barabara hakitatoka. Ardis hakubishana naye. Hata yeye asingemkabidhi kanisa mtu asiye na karatasi.

Na siku zilikuwa chache. Nyumba huvutwa vizuri ardhi ikiwa imeganda kama sakafu. Mwanzoni mwa Machi ardhi hulainika, serikali huweka kikomo cha uzito barabarani, na kuanzia hapo hata lori la maziwa huulizwa maswali. Kwa hiyo kanisa litoke kabla ya Machi, au libaki lisubiri maji.

"Haya," alisema Ardis. "Niambie mnachotaka."

"Mambo matatu tu," alisema Tami. "Cheti cha huko kwenu kuonyesha kwamba kampuni ipo hai na haijaikosea serikali."

"Ninacho."

"Wakala. Yaani mtu mmoja anayeishi huku kwetu, mwenye nyumba na anwani ya mtaa, siyo sanduku la posta, anayekubali kupokea barua na hati za mahakama kwa niaba yenu. Lazima apatikane kwenye anwani hiyo saa za kazi. Kampuni ya kigeni ikishtakiwa, wenyeji wajue mlango wa kubisha."

"Nitamtafuta. La tatu?"

"Jina lisiwe la mtu mwingine." Tami akabonyeza kompyuta yake. "Na hapo ndipo penye shida, mama. Rempfer na Wanawe wa Kiume ipo tayari huku. Imesajiliwa miaka kumi na minane iliyopita, na haijachelewa ripoti ya mwaka hata mara moja. Mwenyewe ni Verlyn Rempfer. Mnajuana?"

"Ni mdogo wangu wa tumbo moja."

"Ah! Basi ni rahisi. Anasaini barua kwamba ameridhia mlitumie jina, na kwamba yeye anabadilisha la kwake. Au kama hamtaki kumsumbua, nyinyi chagueni jina jingine la kutumia huku kusini. Rempfer wa Kaskazini, kwa mfano. Linapendeza."

Ardis alishukuru, akakata simu. Huyo binti aliyesema ni rahisi hakuwajua akina Rempfer.

Mzee Reinhold alikuwa na watoto wawili, msichana na mvulana, na kwenye ubavu wa lori lake la kwanza aliandika "na Wanawe wa Kiume" kabla hata ya kuzaliwa mmoja. Alikuwa mtu wa matumaini. Akazaliwa Ardis, kisha Verlyn, halafu basi. Ardis ndiye aliyependa kazi. Verlyn naye aliiweza, pengine kuliko wote, lakini alikuwa na tabia ya kutoweka. Unamtafuta ashike kamba, hayupo, yuko nyuma ya ghala anatazama mawingu. Baba alikuwa na msemo wake juu ya jambo hilo, na aliurudia mbele za watu mpaka ukawa kama jina la ubatizo: "Verlyn hapatikani."

Miaka kumi na tisa iliyopita, mwezi wa Septemba, walikuwa wanavuta nyumba ya mkulima mmoja. Walipofika njia panda, baba akamfokea Verlyn mbele ya mkulima, mke wa mkulima na sherifu aliyekuwa akizuia magari. Alimwambia kwamba hata dada yake ni mwanamume kuliko yeye. Verlyn akazima trekta, akashuka, akaweka ufunguo juu ya gurudumu, akatembea hadi barabara kuu na kuomba lifti. Nyumba ilikaa katikati ya barabara kwa muda wa saa sita, ikiwa na mapazia yake. Mwaka uliofuata walisikia amefungua kampuni huko kusini, yenye jina lile lile. Basi tangu hapo kaskazini kulikuwa na Rempfer na Wanawe wa Kiume isiyo na mwana wa kiume hata mmoja, na kusini kulikuwa na nyingine ambayo mwana alikuwa peke yake.

Baba alipofariki, Verlyn alikuja mazikoni. Alisimama mwisho wa kanisa, akaaga kwa kichwa, akaondoka kabla ya chakula. Wajerumani wa Dakota, ambao babu zao walikuja kutoka nyika za Urusi, wanaweza kusamehe mambo mengi, ila kuondoka msibani kabla ya chakula si mojawapo. Mikate ya nyama ilikuwa imeshapangwa mezani. Ardis ndiye aliyekuwa ameipanga, na sahani ya Verlyn aliirudisha kabatini kwa mkono wake mwenyewe. Iliuma, na mpaka leo ilikuwa inauma.

Njia ya jina jingine aliijaribu kwanza, asije akasemwa. Alimpigia Bi Orpha.

"Rempfer wa Kaskazini?" alisema Orpha. "Haiwezekani, mwenzangu. Kura tulipiga kwa jina lile. Tukibadilisha jina tunarudia mkutano, na mkutano unatangazwa Jumapili mbili, na akidi ni watu ishirini na tano."

"Si mlikuwa thelathini na watano?"

"Hiyo Januari. Sasa nusu wako Arizona wanaota jua. Mimi mwenyewe ningekuwa huko kama si goti la mume wangu Harold. Na bima pia iandikwe upya. Kwa nini usimwone mdogo wako? Tulimfikiria na yeye, unajua. Lakini malori aliuza, ana miaka minane hajavuta hata banda la kuku."

"Sasa kampuni anaiweka ya nini?"

"Hilo muulize yeye."

Jumamosi Ardis alioka kuchen ya plamu, keki ya unga wa hamira na malai, katika sufuria pana ya bati ya marehemu mama yake. Chini ya sufuria kulikuwa bado na kipande cha utepe chenye mwandiko wa mama, REMPFER, ili isipotee kwenye karamu za kanisa. Karatasi zote alizitia kwenye bahasha: ombi la kusajili kampuni ya kigeni, cheti cha nyumbani, na barua ya ridhaa ambayo Tami alimtumia. Mistari aliijaza kwa kalamu, akaikagua mara tatu, kama anavyokagua pini za magurudumu. Akaendesha gari maili sitini.

Verlyn alikuwa na gereji nyuma ya nyumba, anatengeneza mashine za kukata nyasi na za kusukuma theluji. Juu ya mlango wa gereji palikuwa na kibao chenye jina, na herufi zilikuwa zimepakwa rangi kwa namna ya baba, R yenye mguu mrefu. Ardis aliitazama ile R muda kidogo kabla ya kubisha.

"Ardis," alisema Verlyn. Nywele zilikuwa zimeisha.

"Nilikuwa napita," alisema Ardis. Hakuna mtu anayepita pale. Barabara inaishia pale.

"Karibu ndani. Kahawa?"

"Hapana, usisumbuke."

"Ipo tayari."

"Sitakaa, Verlyn."

"Nusu kikombe."

"Haya, nusu."

Alijaziwa kikombe hadi mdomoni. Wakakata kuchen. Wakazungumza juu ya theluji, kwamba mwaka huu ni haba. Juu ya barabara namba kumi na mbili, kwamba imeharibika. Juu ya bei ya ndama. Mke wa Verlyn alikuwa zamu hospitalini, kwa hiyo waliongea na juu ya hospitali. Verlyn akasema soseji za yule mchinjaji wa kijiji cha Hosmer zimekuwa na chumvi mno tangu mwanawe ashike duka. Ardis akasema ndivyo ilivyo, watoto hawapimi. Verlyn akajiongezea kipande cha kuchen.

"Nasikia Sayuni inahama," alisema Verlyn mwishowe.

"Inasemekana."

"Baba aliiweka pazuri."

"Kwa wakati ule, pazuri."

Hapo ndipo ulipokuwa mlango, uko wazi, na yeyote mwenye miguu angepita. Ardis alifungua mdomo. Akasema kuchen imepungua sukari kidogo. Verlyn akasema hapana, iko sawa. Hawa ni watu wanaoweza kuinua kanisa lenye kengele bila kumwaga maji ya kikombe kilichowekwa madhabahuni, lakini swali la maneno matano halinyanyuki, hata kwa jeki. Mtu wa pwani angekwisha kusema, akalia, akacheka na kurudi nyumbani. Wao walikaa kwa saa mbili.

Kuaga kulichukua nusu saa nyingine. Waliaga mezani, wakaaga mlangoni, wakaaga kwenye ngazi. Verlyn akatoka bila kofia, akakwangua barafu kwenye kioo cha gari la dada yake, pande zote, hata taa.

"Sufuria yako," alisema.

"Iache, kuchen bado imo. Utanirudishia."

Chini ya sufuria, pale mezani, Ardis alikuwa ameacha bahasha.

Alifika nyumbani akijiona mjinga. Usiku hakulala vizuri, na asubuhi alijiambia amelifanya kwa adabu, kisha akajiambia amelifanya kwa woga, na yote mawili yalikuwa kweli. Akasubiri. Siku ya nne hakuna kitu. Siku ya sita Bi Orpha alipiga simu kusema paa la kanisa limeanza kudondosha maji mchana. Siku ya nane Ardis alichukua fomu mpya, akaandika Rempfer wa Kaskazini, akaitazama, akaipindua. Angeweza kuituma, kisha ajaribu kuwapigia waumini wa Arizona mmoja mmoja. Lakini yeye alikulia kwenye kiti cha lori lenye jina lile, na kwenda kuinua jengo aliloliweka baba yake huku akijiita mtu mwingine kulimshinda. Sauti ya baba ikamjia bila kuitwa: Verlyn hapatikani. Akaogopa kwamba mzee alikuwa sahihi.

Siku ya tisa, gari la Bi Orpha liliingia uwanjani. Orpha alishuka akiwa amebeba ile sufuria kwa mikono miwili, imefunikwa kitambaa.

"Mdogo wako kanisubiri nje ya benki Ijumaa," alisema. "Kasema kwa kuwa nakuja huku kwa daktari wa goti la Harold, nikupitishie hii. Kasema nikuambie chombo hakirudi kitupu."

Ardis alifunua kitambaa. Juu kulikuwa na soseji nne za Hosmer, zimekunjwa kama pete, ndani ya karatasi nyeupe. Chini ya soseji, ndani ya mfuko wa nailoni ili mafuta yasiingie, kulikuwa na bahasha.

Barua ya ridhaa ilikuwa imesainiwa mbele ya mthibitishaji wa sahihi wa benki, na muhuri wake. Pale palipotakiwa kuandikwa jina jipya la kampuni iliyoridhia, Verlyn alikuwa ameandika: Rempfer wa Kusini. Ardis alisoma mara mbili. Hakuwa amemwambia juu ya lile jina la kaskazini.

Halafu akaiona fomu ya ombi, ukurasa wa pili. Mstari wa wakala ulikuwa umejazwa kwa wino wa buluu. Ardis, mkaguzi wa pini, alikuwa ameuacha mtupu. Alikuwa amekusudia kuajiri moja ya zile ofisi za Pierre zinazokaa kupokea barua za watu, na akasahau, au ndivyo alivyosema baadaye. Sasa palikuwa na jina: Verlyn R. Rempfer. Palikuwa na anwani ya nyumba iliyo mwisho wa barabara. Na chini, penye maneno ya kiapo kwamba anaukubali uwakala na atapatikana kwenye anwani iliyotajwa saa za kazi, palikuwa na sahihi yake, imekandamizwa hadi karatasi ikavimba upande wa pili.

Ardis alikaa kitini.

"Kuna kosa?" aliuliza Orpha.

"Hapana."

"Mbona umekaa?"

"Magoti," alisema Ardis. "Si ya Harold peke yake."

Angeweza kufuta mstari na kumweka mtu wa Pierre. Jioni hiyo alilifikiria jambo hilo kwa haki. Wakala asipopatikana, hati ya mahakama inafika kwenye mlango uliofungwa, kampuni inahukumiwa bila kusikilizwa, na cheti kinaweza kufutwa. Baba asingemwandika Verlyn kwenye mstari ule hata kwa mtutu wa bunduki. Asubuhi Ardis alibandika stempu, akaituma fomu kama ilivyo.

Cheti kilitoka tarehe ishirini na moja. Tami alipiga simu mwenyewe.

"Hongera, mama. Sasa nyinyi ni wageni wanaotambulika."

Jumanne, tarehe ishirini na sita, saa moja asubuhi, kanisa la Sayuni lilisogea. Ardis alikuwa ameweka kikombe cha maji madhabahuni, kama baba yake, na pimamaji juu ya kizingiti. Nyaya za umeme ziliinuliwa, malori mawili yakavuta kwa pamoja, na kanisa likaenda barabarani na mnara wake, polepole, na theluji ikilia chini ya magurudumu. Watu walitoka na viti na chupa za kahawa. Shule ilifunga. Hata wale wanne waliopiga kura ya hapana walikuja, kuona kama litaanguka. Barabara ilipita maili sita kutoka kwa Verlyn.

Ardis alitembea mbele ya lori njia nzima, kwa miguu, akitazama chini, akitazama juu, na kati ya chini na juu akitazama nyuso. Alimwona kila mtu. Isipokuwa Verlyn. Mchana alimtafuta tena mlimani, kanisa liliposhushwa kwenye msingi mpya na watu wakapiga makofi na glavu zao. Hakuwepo. Maji ya kikombe hayakumwagika hata tone. Ardis aliyanywa, akaona hayana ladha.

Alikasirika. Alikasirika kama hajawahi kukasirika tangu msibani, kwa sababu safari hii alikuwa ameamini. Kanisa la mama yao, kazi ya baba yao, jina lao wote, na maili sita tu. Kesho yake alikwenda posta akatuma barua ya rejista, ile ambayo haikabidhiwi mpaka mtu atie sahihi mlangoni. Aliiandikia kampuni ya Rempfer na Wanawe wa Kiume, kwa mkono wa wakala wake, kwenye ile anwani. Ndani hakutia kitu. Kama mlango umefungwa, bahasha itarudi, na yeye atamwandika mtu wa Pierre, na mambo yaishe.

Ijumaa jioni, saa kumi na moja na dakika tano, simu ililia.

"Ni mimi," alisema Verlyn. "Umeniletea bahasha."

"Imefika?"

"Jana, saa nne kasorobo. Nimesaini. Lakini ndani hamna kitu. Nimeikung'uta. Sisi haturudishi chombo kitupu, dada, na wewe unanitumia bahasha tupu?"

"Nilitaka kujua kama kuna mtu."

Ardis alisikia kiti kikivutwa.

"Ningekupigia Jumanne," alisema Verlyn. "Nikuulize limekwendaje. Lakini sikutaka laini iwe bize, kama kuna mtu anaitafuta kampuni."

"Jumanne nilikutafuta. Njia nzima."

"Jumanne ilikuwa siku ya kazi, Ardis."

"Najua ilikuwa siku ya kazi. Shule nzima ilikuja. Orpha na Harold na goti lake. Wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa," alisema Verlyn, kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. "Karatasi inasema nipatikane kwenye anwani, saa za kazi. Saa mbili mpaka saa kumi na moja. Nimekaa tangu tarehe ishirini na moja. Chakula naletewa na mke wangu. Jumanne nilipanda juu ya gereji, nikaona ncha ya mnara ikipita nyuma ya miti ya jirani yangu Hoffer. Nadhani ulikuwa mnara. Halafu nikashuka, nisije nikabishiwa hodi niko juu ya paa."

Ardis alikuwa amesimama jikoni. Alijua, kama kila mtu mwenye kampuni anavyojua, kwamba sheria haimfungi wakala kitini namna hiyo. Wakala huenda dukani, huenda mazikoni, huenda kutazama kanisa likipita. Angeweza kumwambia. Badala yake aliitazama kalenda ya ukutani.

"Jumamosi je?" aliuliza. "Karatasi inasemaje kuhusu Jumamosi?"

"Jumamosi si siku ya kazi."

"Basi kesho nitakuja kukuchukua, tukalitazame kanisa. Nina ufunguo mpaka Jumapili."

"Saa ngapi?"

"Saa yoyote. Nikifika nitabisha."

"Wewe njoo tu," alisema Verlyn. "Nitapatikana."